Kuisuka Upya Sini ya Filamu ya Zamani: Mwongozo kwa Wahariri wa Video wa Tanga

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuchukua sini moja fupi ya filamu ya zamani, kuivunja fremu kwa fremu (fremu ni picha moja kati ya nyingi zinazounda video) ndani ya kompyuta, na kuijenga upya mpaka ipatikane kazi mpya ya sanaa ya video. Nimeuandika nikiwafikiria hasa wahariri wa Tanga wanaoishi kwa video za harusi, za maulidi na za mahafali, kwa sababu wao tayari wana kompyuta, wana programu, na macho yao yamezoea kukesha mbele ya taimulaini, ule mstari wa kupangia vipande vya video. Mhariri aliyewahi kuoanisha kamera tatu za sherehe moja anao ujuzi wote unaohitajika hapa. Kilichobaki ni kuutumia kwa kazi ambayo hakuna mteja aliyeiagiza.

Sanaa hii ina historia ndefu kuliko kompyuta. Mwaka 1936 Joseph Cornell wa Marekani aliikata filamu ya kawaida ya mwaka 1931, akabakiza zaidi shoti za mwigizaji wake mkuu, Rose Hobart, akazionesha kupitia kioo cha buluu kwa kasi ndogo kuliko ile iliyokusudiwa. Mwaka 1989 Martin Arnold wa Austria alichukua shoti ya sekunde 18 kutoka filamu ya Marekani ya mwaka 1954, ambamo mwanamke amekaa kitini na mwanamume anaingia mlangoni, akaipeleka mbele na nyuma kwa mashine ya kuchapisha fremu moja moja mpaka ikawa kazi ya takriban dakika 16. Douglas Gordon wa Scotland naye, mwaka 1993, aliipunguza mwendo filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, Psycho, hadi karibu fremu mbili kwa sekunde, ikachukua saa 24 kumalizika. Katika kazi hizi hakuna shoti mpya iliyopigwa. Kamera ilikwishafanya kazi yake miaka mingi nyuma. Msanii aliingia katika muda wa filamu na kuupanga vingine.

Nasi wa pwani hatuanzii sifuri. Kila aliyekulia karibu na kibanda umiza amesikia filamu ya Kihindi au ya Kichina ikifunikwa na sauti ya mfasiri wa Kiswahili ambaye hakutafsiri tu, bali aliwapa wahusika majina mapya, akaongeza visa, na wakati mwingine akaigeuza maana ya sini nzima. Yule mfasiri alikuwa akifanya kwa sauti jambo ambalo hapa tutalifanya kwa picha.

Nashikilia jambo moja kuliko mengine yote katika mwongozo huu: sini moja, kanuni moja. Chagua kipande kifupi, kitungie kanuni ya hesabu inayotokana na mwendo uliomo ndani yake, kisha uitii kanuni hiyo tangu fremu ya kwanza hadi ya mwisho bila kuibembeleza. Programu za kuhariri zimejaa mapambo yaliyotengenezwa tayari, na mhariri mgeni katika sanaa hii hushawishika kuyamwaga yote juu ya picha, mtikisiko hapa, rangi kule, kioo kuvunjika mwishoni. Matokeo yake huvutia kwa sekunde kumi, halafu mtazamaji anachoka, kwa kuwa hakuna kitu cha kufuatilia. Kanuni moja humpa mtazamaji nafasi ya kuielewa, kuitarajia, na hatimaye kuona mambo ambayo sini ya asili ilikuwa ikimpitisha haraka.

Kuchagua sini

Anza na filamu isiyo na mwenyewe kisheria. Filamu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 1929 zimekwisha kutoka katika ulinzi wa hakimiliki nchini humo, na kila tarehe 1 Januari filamu za mwaka mmoja zaidi huongezeka. Nakala nyingi zinapatikana bure katika hifadhi za mtandaoni kama Internet Archive na Wikimedia Commons. Kwa upande wetu inayotumika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mahali pa kuuliza ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, yaani COSOTA. Jihadhari na jambo ambalo wengi hawalioni: filamu inaweza kuwa huru ilhali muziki uliorekodiwa miaka ya karibuni na kubandikwa juu yake una mwenyewe. Kwa hiyo ondoa sauti yote ya nakala uliyoipakua kabla hujafanya lolote.

Baada ya sheria kuna swali la jicho. Sini inayofaa ina mwendo ulio wazi, ina mpaka unaoeleweka wa mwanzo na mwisho, na ina kitu kinachojirudia. Kwa mfano wetu nitatumia shoti mashuhuri ya The General, filamu ya Buster Keaton ya mwaka 1926, ambamo dereva wa garimoshi, akiwa amekataliwa na mchumba, anakaa kwa huzuni juu ya fito ya chuma inayounganisha magurudumu ya injini. Injini inaondoka, fito inampandisha na kumshusha, naye amezama katika mawazo hata hajui kinachoendelea mpaka anapoingizwa kwenye banda la garimoshi. Kwa shughuli yetu shoti hii ni hazina, kwa sababu mwendo wa fito ni duara: inashuka, inapanda, inarudi ilipotoka. Mtu amekaa kimya, mashine ndiyo inayocheza, na kanuni yoyote utakayoitumia itaonekana kwanza mwilini mwake.

Mtu wa Tanga ana sababu nyingine ya kuipenda. Ujenzi wa Reli ya Usambara ulianza hapa mjini mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, mwaka ule ule ambao watazamaji wa Ufaransa walikuwa wakioneshwa filamu ya ndugu Lumière ya sekunde 50 hivi ya treni ikiingia stesheni ya La Ciotat. Reli ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Garimoshi na filamu viliingia katika maisha ya watu kwa wakati mmoja, na vyote viwili viliwazoesha kutazama dunia ikipita ndani ya dirisha la pembe nne. Kwa hiyo mhariri anayeishi mji uliokuzwa na reli akiishughulikia shoti ya garimoshi, haazimi kitu cha watu wa mbali.

Kuandaa faili

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoamua kama kazi itasimama. Pakua nakala yenye ubora mkubwa kadiri bando lako linavyoruhusu, kisha ikague fremu moja moja kabla hujaikata.

Kagua kwanza fremu zinazojirudia. Filamu nyingi za kimya zilipigwa kwa kasi iliyo chini ya fremu 24 kwa sekunde, mara nyingi kati ya 16 na 20, na waliozihamisha kwenye video za fremu 24 au 25 walijaza pengo kwa kurudufu baadhi ya fremu. Filamu ikitazamwa kawaida urudufu huo hauonekani. Lakini ukianza kuipeleka mbele na nyuma, kila fremu iliyorudufiwa inakuwa kigugumizi ambacho hukukitaka, nacho kinakuja kwa mpangilio wake chenyewe na kugombana na kanuni yako. Ibonyeze taimulaini hatua moja moja kwa kitufe cha mshale. Ukiona picha imesimama hatua moja kila baada ya hatua tatu au nne, basi ndio huo. Katika FFmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa maandishi, kichujio kinachoitwa mpdecimate kazi yake ni kuziondoa fremu za aina hiyo.

Kagua pia meno ya kitana. Nakala zilizopitia kwenye televisheni au kanda za zamani huwa na mistari ya mlalo iliyochanika pembezoni mwa kitu kinachokwenda kasi, kwa sababu kila fremu ni mchanganyiko wa nusu mbili za wakati tofauti. Kichujio cha yadif hulipunguza tatizo hilo, ingawa ushauri wangu ni kutafuta nakala nyingine, maana nakala yenye meno ya kitana haiponi kabisa.

Mwisho, usiuvute upana wa picha. Filamu za enzi hizo zina uwiano wa 4 kwa 3, kwa hiyo kwenye kimo cha pikseli (nukta za picha) 1080 upana wake ni 1440. Ukiivuta ijaze skrini ya kisasa yenye 1920, magurudumu yatakuwa mayai. Acha pembe nyeusi kushoto na kulia.

Sasa ikate sini katika picha za peke yake. Kwa FFmpeg, amri ifuatayo huchukua sekunde 10 kuanzia mahali ulipopataja, ikaacha sauti, na kukupa picha zenye namba:

ffmpeg -ss 00:02:10 -i chanzo.mp4 -t 10 -an fremu_%04d.png

Saa iliyoandikwa hapo ni ya mfano tu. Badala yake weka dakika na sekunde ambapo sini yako inaanza. Kama faili ina fremu 24 kwa sekunde, utapata picha 240 ndani ya folda. Anayependelea kubaki kwenye programu za kuhariri kama Kdenlive, Shotcut au DaVinci Resolve anaweza kufanya karibu yote yafuatayo bila kuandika amri, ila itamchukua muda mrefu zaidi.

Kabla ya kugusa chochote kingine, chukua daftari uzipitie picha hizo zote. Andika namba ya fremu ambapo fito iko chini kabisa, ambapo iko juu kabisa, ambapo mtu anainua macho, ambapo moshi unapita mbele ya uso wake. Kazi hii inachosha, na hakuna njia ya mkato, kwani kanuni nzuri hutoka katika orodha hii. Kwenye shoti ya Keaton utaona kwamba mzunguko wa kwanza wa fito una fremu nyingi kuliko wa pili, na wa pili nyingi kuliko unaofuata, kwa kuwa injini inaongeza mwendo. Jambo hilo dogo peke yake laweza kuwa kiini cha kazi nzima.

Kanuni ya mbele na nyuma

Hii ndiyo kanuni ya Arnold, na ndiyo ninayowashauri wote waianze. Video inakwenda mbele fremu kadhaa, inarudi nyuma fremu chache pungufu, kisha inakwenda mbele tena, kwa hiyo inasonga polepole sana huku ikitetemeka. Chukua mfano wa nane mbele na sita nyuma. Utaonesha fremu ya 1 hadi ya 8, kisha ya 7 kurudi hadi ya 2, kisha ya 3 hadi ya 10, kisha ya 9 kurudi hadi ya 4, na kuendelea hivyo. Kila mzunguko una fremu 14 na unasogeza sini fremu 2 tu. Sini ya fremu 240 itahitaji takriban mizunguko 120, yaani kama fremu 1,680, ambazo kwa fremu 24 kwa sekunde ni sekunde 70. Sekunde 10 zimekuwa karibu dakika moja na sekunde kumi.

Kupanga fremu 1,680 kwa mkono hakufai. Andika mpangilio wa namba katika jedwali la hesabu la kompyuta, kisha tumia mistari michache ya Python, lugha ya kuandikia programu, au mwombe kijana anayeijua akuandikie, ili kila picha inakiliwe kwa jina jipya kufuata jedwali lako. Ukishapata folda mpya, irudishe kuwa video kwa amri hii:

ffmpeg -framerate 24 -i mpya_%05d.png -c:v libx264 -crf 16 -pix_fmt yuv420p kazi.mp4

Kisha tazama. Badilisha nane na sita kuwa kumi na mbili na kumi na moja, utazame tena. Utagundua kwamba mizunguko mifupi humfanya mtu atetemeke kama mwenye homa, na mirefu humfanya aonekane anaghairi, kama aliyetaka kusema neno akalimeza. Keaton aliyekaa juu ya fito, akienda nane mbele na sita nyuma, haonekani tena kama mtu aliyesahau kwamba treni inakwenda. Anaonekana kama mtu anayebembelezwa na mashine. Maana imebadilika, nasi hatukuongeza picha hata moja.

Ukitaka kuurudia mzunguko mzima wa fito bila mshono kuonekana, kuna shida moja ya kutatua. Fito inarudi chini, lakini injini imekwisha kusogea, kwa hiyo ukirudi mwanzo wa mzunguko treni nzima inaruka. Dawa yake ni kumfunga mtu mahali pamoja: katika kila fremu isogeze picha kushoto au kulia mpaka kofia yake ibaki kwenye mstari ule ule wa wima. Zana za kufuatilia nukta zilizomo katika Blender na DaVinci Resolve hufanya hivyo vizuri. Matokeo yake mtu anabaki katikati, nayo dunia ya nyuma ndiyo inayokwenda, na pembe nyeusi zinaingia na kutoka pembezoni mwa picha. Wengi hukimbilia kuzikata pembe hizo. Mimi napendelea zibaki, kwani zinamwonesha mtazamaji wazi kazi iliyofanyika.

Kanuni ya matabaka yanayokutana

Katika kazi yake ya video iitwayo Happy Again, Gregg Biermann wa Marekani alilipanga onesho maarufu la mtu anayecheza mvuani, la mwaka 1952, katika matabaka yenye kasi tofauti yaliyowekwa moja juu ya jingine, yakaachana, yakakutana kuwa picha moja safi kwa kitambo kidogo, halafu yakaachana tena. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba ina kilele ambacho mtazamaji hawezi kukikosa hata kama hajui lolote kuhusu sanaa ya video.

Amua kwanza fremu ya kukutania. Iwe fremu yenye uzito: macho yanapoinuka, mlango unapofunguka. Tuseme fremu hiyo iko kwenye sekunde ya 20 ya sini yako, nawe una matabaka matatu, la asilimia 80, la asilimia 100 na la asilimia 120 ya kasi ya kawaida. Tabaka la asilimia 80 litaifikia fremu hiyo baada ya sekunde 25, la kawaida baada ya sekunde 20, na la asilimia 120 baada ya sekunde 16 na theluthi mbili. Ili yote yakutane sekunde ya 25 ya kazi yako, tabaka la polepole lianze mwanzoni kabisa, la kawaida lianze fremu ya 120, na la haraka lianze fremu ya 200. Kosa la fremu moja tu litakunyima ile picha safi. Utabaki na ukungu pembeni mwa kila umbo.

Kiwango cha kuonekana kwa matabaka nacho kina hesabu yake. Ukiyapa yote asilimia 50, la juu litayameza yaliyo chini. Ili yawe na uzito sawa, la chini kabisa lipewe asilimia 100, linalofuata 50, la tatu 33, la nne 25, la tano 20. Zaidi ya matabaka saba, picha nyeusi na nyeupe hugeuka kijivu kitupu kwenye projekta dhaifu, kwa hiyo usiongeze kwa ajili ya kuongeza.

Kanuni ya miyaa

Hapa skrini inagawanywa katika vipande vya wima, kila kipande kikichelewa kidogo kuliko jirani yake, kama miyaa ya mkeka iliyochovywa rangi kwa nyakati tofauti. Picha ya pikseli 1440 hugawanyika sawasawa katika vipande 36 vya pikseli 40. Kipande cha kwanza kushoto kioneshe fremu ya sasa, cha pili fremu moja nyuma, cha tatu mbili nyuma, hadi cha mwisho ambacho kiko fremu 35 nyuma, karibu sekunde moja na nusu. Kwa kujaribu haraka tumia vipande 12 vya pikseli 120, kila kimoja kikichelewa fremu 3. Mishono itaonekana zaidi, ila utajua kama sini inafaa.

Kilichosimama hakibadiliki hata kidogo. Ukuta unabaki ukuta. Kinachokwenda ndicho kinachopinda, na namna kinavyopinda inategemea kinakoelekea, jambo ambalo wanaoanza hulishangaa. Tuseme behewa lina urefu wa pikseli 600 na linakwenda pikseli 10 kwa kila fremu. Likielekea kulia, upande wa vipande vinavyochelewa zaidi, litaonekana limefupika hadi pikseli 480, nalo litaonekana likienda polepole. Likielekea kushoto litarefuka hadi pikseli 800. Na likikaribia kasi ya pikseli 40 kwa fremu kuelekea kushoto, sawa na kasi ya ucheleweshaji wenyewe, litavutika hadi kuijaza skrini yote. Kwa hiyo kabla ya kuamua vipande vicheleweshwe kutoka upande gani, angalia kwanza treni yako inakwenda wapi, halafu uamue kama unaitaka nzito na fupi au ndefu isiyokwisha. Ile fito ya Keaton, kwa kuwa inapanda na kushuka huku ikienda pembeni, itageuka wimbi linalopita katika mwili wake, na hapo ndipo utakapoona kwa nini nimeisisitiza shoti hii.

Ipo pia njia ya kufuta watu katika sini na kuacha vyumba vitupu, ambayo Arnold aliifanya kwa kompyuta katika kazi yake ya mwaka 2002. Inahitaji ufundi mkubwa wa kujaza mahali palipofutwa, fremu kwa fremu, na siipendekezi kwa kazi ya kwanza.

Sauti

Kwa kuwa tumeondoa sauti yote, una njia mbili za heshima: kimya kamili, au sauti uliyoirekodi mwenyewe na kuipitisha katika kanuni ile ile ya picha. Kuchukua wimbo wa taarab unaoupenda na kuulaza juu ya picha hakufai, hata kama mwenyewe amekuruhusu, kwa kuwa wimbo uliokamilika una muda wake na utaitawala kazi yako.

Rekodi kwa simu sauti ya chuma: mlango wa geti, cherehani ya fundi, mnyororo wa baiskeli, jambo ambalo Tanga haina upungufu nalo. Sekunde kumi zinatosha. Zikate kwa jedwali lile lile la nane mbele na sita nyuma. Kila mkato wa sauti hutoa mlio mkali kama wa kijiti kinachovunjika. Ukiutaka uache, usipoutaka weka mfifio wa milisekunde tano hivi mwanzoni na mwishoni mwa kila kipande. Baada ya mizunguko kadhaa sikio litaacha kusikia mnyororo na kuanza kusikia mdundo, nao utakuwa umefungamana na picha kwa namna ambayo muziki wa kubandika hauwezi.

Kuonesha

Kazi ya aina hii hufa kwenye skrini ya simu. Itafutie ukuta mweupe, projekta, na giza la baada ya saa moja na nusu jioni. Kuta za chokaa za nyumba za zamani hupokea picha vizuri, na uparuzaji wake huupa weusi wa filamu uhai kidogo. Sehemu kama Makumbusho ya Urithi Tanga inafaa kuombwa kwa barua iliyoandikwa vizuri. Kwa onesho la hadhara zungumza mapema na Afisa Utamaduni wa Jiji, na uulize utaratibu wa Bodi ya Filamu. Weka kicheza video katika hali ya kurudia, uwe na nakala ya pili kwenye flashi nyingine, na usiweke projekta karibu na dirisha linaloelekea baharini, kwa maana unyevu na chumvi huharibu lenzi.

Andika karatasi fupi ya kubandika mlangoni inayotaja filamu ya asili, mwaka wake, aliyeitengeneza, na kanuni uliyoitumia kwa sentensi moja. Watu wa Tanga wataibishia kanuni hiyo wakiwa wamesimama pale pale mbele ya ukuta, na mabishano hayo ni sehemu ya onesho.

Kazi iliyo mbele yetu

Ukishaimudu sini ya Keaton, kuna filamu zinazotuhusu kwa karibu zaidi. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kikoloni uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment, uliofadhiliwa na Carnegie Corporation ya New York, ulitengeneza filamu fupi 35 za milimita 16 kwa ajili ya kuwafundisha Waafrika afya, kilimo na mengineyo, na sauti zake zikawekwa kwenye santuri. Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, nazo zimo katika hifadhi ya BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza. Zilipigwa Afrika Mashariki, lakini watu waliomo walipangiwa cha kufanya na sauti ya msimulizi ikawasemea.

Naamini kanuni hizi zina kazi ya haki huko kuliko mahali pengine popote. Mtu aliyesimama nyuma ya somo, anayeitazama kamera kwa nusu sekunde kisha akageuza uso, ana fremu 12 tu katika historia nzima ya filamu. Nane mbele na sita nyuma zingempa sekunde tatu na nusu. Hapo lakini kanuni ichaguliwe kwa adabu: kutetemesha uso wa mtu ambaye hakuombwa idhini ni jambo tofauti na kumtetemesha mwigizaji maarufu aliyelipwa, na wajukuu wake huenda wako Korogwe hadi leo. Anayetaka kujaribu aiandikie hifadhi hiyo akieleza ni filamu ipi anayoihitaji, sekunde zipi, kwa onesho gani, na aombe nakala ambayo haijapunguzwa ukubwa wala kusafishwa, yenye kasi yake ya asili ya fremu kwa sekunde. Bila sharti hilo la mwisho atatumiwa faili yenye fremu zilizorudufiwa, na itambidi aanze tena na mpdecimate.